Tisheti Nyeusi Ukambani

Katika masoko ya Kitui, tisheti nyeusi yenye picha ya fuvu haimtishi mtu mradi imetoka kwenye rundo la mitumba. Mkulima huinunua kwa sababu kitambaa chake ni kizito na rangi yake inaficha uchafu. Huivaa akienda kuvuna ndengu, na jina la bendi ya hevi metali kama Metallica au Iron Maiden kifuani mwake halimshughulishi jirani wala mchungaji. Tisheti ile ile ikivaliwa na kijana aliyekuja Nuu kutoka Nairobi kwa Krismasi, kijana anayezijua nyimbo za bendi hiyo moja baada ya nyingine na kuzipiga kwa sauti ya juu chini ya mwembe, habari huwa nyingine. Shangazi ataguna. Mzee wa kanisa atauliza kwa upole kama kijana bado anasali. Kufikia jioni, mama atakuwa ameshauriwa na watu wawili watatu kwamba mwanawe aombewe.

Nuu iko mashariki ya mji wa Mwingi, kwenye mlima wa jina hilo hilo, katika nchi kavu ambako mvua ndiyo mazungumzo ya kila msimu. Si mahali pa kumbi za roki. Mpenzi wa hevi metali huko hubaki na simu yake na vipokea sauti vyake vya masikioni. Nairobi kuna nafuu kidogo, kwa kuwa jiji limekuwa na bendi zake za roki na metali, kama vile Last Year's Tragedy, Murfy's Flaw na Parking Lot Grass, na kwa miaka kadhaa kituo cha X FM kilirusha roki hewani. Mashabiki wa jijini hujuana na huenda pamoja kwenye maonyesho. Shabiki wa kijijini hana mwenzake wa kumtetea, ndiyo maana maswali yote humwangukia yeye.

Maswali yenyewe ni matatu, na kila shabiki ameshayasikia. Je, wewe unaabudu shetani? Mbona unapenda muziki wa wazungu? Una hasira gani moyoni hata usikilize makelele hayo?

Swali la kwanza ndilo zito, na nchini Kenya lina historia yake. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya uenyekiti wa Askofu Mkuu Nicodemus Kirima wa Kanisa Katoliki, Nyeri. Ripoti ilipowekwa hadharani mwaka 1999, ilisema ibada hiyo ipo na imepenya hadi shuleni. Waliokuwa wanafunzi wakati huo ndio wazazi na walimu wa leo. Walilelewa wakiambiwa kwamba shetani huja kwa pete, kwa michoro na kwa muziki, na hawajapewa sababu ya kulisahau somo hilo.

Haifai kuwalaumu kana kwamba walijizulia hofu. Bendi nyingi za metali hutumia kwa makusudi misalaba iliyopinduliwa, mafuvu na majina ya mashetani. Tena yapo matendo mabaya ya kweli. Huko Norway, kuanzia mwaka 1992, vijana wachache wa kundi la metali nyeusi walichoma makanisa, na mmoja wao, Varg Vikernes, alihukumiwa mwaka 1994 kwa uchomaji na kwa mauaji. Lakini uhalifu huo ulikuwa wa watu wanaohesabika, na waliobebeshwa mzigo wake ni mamilioni ya wasikilizaji duniani ambao hawajawahi kuchoma hata nyasi.

Uzito wa mzigo huo ulionekana Arkansas, Marekani. Mwaka 1993 watoto watatu wa kiume waliuawa katika mji wa West Memphis. Polisi walimshika Damien Echols, kijana wa miaka 18 aliyependa kuvaa nguo nyeusi na kusikiliza Metallica, pamoja na wenzake wawili. Mavazi yake, vitabu vyake na muziki wake vililetwa mahakamani kama dalili za ushetani. Echols alihukumiwa kifo, wenzake kifungo cha maisha. Waliachiliwa Agosti 2011, baada ya miaka 18. Nchini Misri, Januari 1997, polisi walivamia nyumba usiku na kuwakamata makumi ya vijana wapenzi wa metali kwa tuhuma za kuabudu shetani, kisha wakawaachilia kwa kukosa ushahidi. Nchini Uingereza, Sophie Lancaster, msichana wa miaka 20, alipigwa hadi kufa mwaka 2007 kwenye bustani ya umma mjini Bacup kwa sababu ya sura yake na mavazi yake meusi ya mtindo wa kigothi. Kifo chake kilibadili mambo: tangu mwaka 2013 polisi wa Greater Manchester huandikisha mashambulizi dhidi ya magothi na mashabiki wa metali kama uhalifu wa chuki.

Ukambani una sababu ya pekee ya kuyasoma matukio hayo kwa makini. Mtu wa Kitui akienda kufanya kazi Nakuru au Mombasa, haukawii mzaha wa kamuti, yaani uchawi wa Kikamba. Wenzake humwuliza kama amebeba dawa, mpenzi wake huonywa asile chakula chake, na mwenye nyumba hucheka lakini hamgombezi kuhusu kodi. Hakuna aliyemwona akifanya lolote. Ametoka Mwingi, na hilo limetosha. Mkamba anajua uchungu wa kuhukumiwa mchawi kwa jina la mahali alipozaliwa, na anapomgeuzia mwanawe shutuma hiyo hiyo kwa sababu ya tisheti, anatumia kipimo ambacho yeye mwenyewe hukikataa.

Kuna pia habari ya ngoma. Kilumi ni ngoma ya akina mama wazee hasa, huchezwa kuomba mvua na kutibu aliyesumbuliwa na pepo. Ngoma ndefu hupigwa kwa viganja, mdundo unazidi kasi, mabega yanatikisika, na anayecheza huweza kufikia hali ya kutojitambua. Misheni ya Africa Inland, iliyofungua kituo chake cha kwanza Nzaui, Makueni ya leo, mwaka 1895, haikuwa na nafasi kwa mambo ya namna hiyo. Mwongofu alitakiwa kuziacha ngoma, kwa kuwa zilihesabiwa kuwa za shetani. Leo wachezaji wa Kikamba hutumbuiza watalii, na watoto wa shule hushindania vikombe kwa nyimbo za jadi katika tamasha la taifa la muziki. Mdundo ulioitwa wa kuzimu umekuwa urithi wa taifa, na waliobadilika ni wasikilizaji.

Swali la pili, la muziki wa wazungu, hujibika kwa tarehe na majina. Roki ilitoka kwenye bluzi na nyimbo za injili za watu weusi wa Marekani. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi aliyeimba injili, alikuwa akiliza gitaa la umeme kabla Elvis Presley hajarekodi wimbo wowote. Black Sabbath, bendi iliyofungua mlango wa metali, iliundwa Birmingham mwaka 1968 na vijana wa familia za wafanyakazi, waliokuwa wamekulia kwenye bluzi. Mpiga gitaa wao, Tony Iommi, alikatwa ncha za vidole viwili na mashine ya kiwandani akiwa na miaka 17. Alijitengenezea vifuniko vya vidole, baadaye akalegeza nyuzi ili asiumie, na ulegezaji huo ukachangia ile sauti nzito inayowatisha mashangazi hadi leo.

Afrika nayo imekwisha kuuchukua muziki huu ukawa wake. Botswana ina mashabiki wanaojiita Marok, wanaume kwa wanawake, wanaovaa ngozi nyeusi na kofia za wachunga ng'ombe, na bendi kama Wrust, Skinflint na Overthrust. Mwandishi Edward Banchs alizunguka nchi kadhaa za bara hili, Kenya ikiwamo, akaandika kitabu, Heavy Metal Africa, kilichotoka mwaka 2016. Wanamuziki wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, walitoa albamu ya bendi yao Duma mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasikika hadi Ulaya. Khanja, ajulikanaye kama Lord Spikeheart, alitoa albamu yake mwenyewe, The Adept, mwaka 2024, akamuenzi Muthoni wa Kirima, ambaye yeye ni kitukuu wake.

Jina hilo lisipitwe haraka. Muthoni wa Kirima alikuwa mwanamke aliyefikia cheo cha fildimashali katika Mau Mau. Alifuga nywele zake tangu msituni, zikawa rasta ndefu, na hakukubali zikatwe hadi mwaka 2022, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Kitukuu wake anapopiga mayowe jukwaani, anapaza jina la mpiganaji wa msituni, na watu wa Nyeri wanalijua vizuri jina hilo.

Swali la tatu, la hasira, watafiti wameshaliangalia. Mwaka 2015 Leah Sharman na Genevieve Dingle wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwachokoza wasikilizaji 39 wa muziki mkali hadi wakakasirika, kisha wakawaacha wengine wasikilize muziki wao na wengine wakae kimya. Muziki haukuwazidishia hasira, bali waliousikiliza walitulia sawa na waliokaa kimya, na wakajisikia wenye ari zaidi. Mwaka huo huo Tasha Howe na wenzake, Marekani, walichapisha uchunguzi juu ya watu waliokuwa mashabiki wa metali miaka ya 1980. Wengi walikuwa wameishi ujana wa hatari, lakini walipofika umri wa makamo walikuwa wametulia maishani kuliko wenzao waliolinganishwa nao. Kuwa na kundi la kujishikiza kuliwasaidia kuvuka ujana.

Kijana wa Nuu aliye peke yake na simu yake hana kundi la namna hiyo. Alichonacho ni familia, na familia ikimgeuka, hana pa kujishikiza. Kwa hiyo mzazi, mwalimu na mchungaji wanaombwa jambo dogo. Kabla ya kumpeleka kijana kuwekewa mikono, kaa naye uani, mwambie achague wimbo mmoja anaoupenda kuliko zote, akusomee maneno yake polepole na kukueleza kwa nini anaupenda. Ukishamsikia, mkanye penye makosa, lakini msikie kwanza.