Shela: Ufuo wa kimya unaotunza maji ya Lamu

WAKATI fukwe nyingi za mwambao wa Kenya zimejaa hoteli na wachuuzi, ufuo wa Shela, kisiwani Lamu, ungali kimya. Ni mchanga mweupe wa takriban kilomita 12 unaotazama Bahari ya Hindi, na mtu aweza kutembea muda mrefu asikutane na yeyote.

Umaarufu wa Shela miongoni mwa matajiri si mgeni. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa hapo mwaka 1967, na baadaye wageni kutoka Ulaya walinunua na kukarabati nyumba za mawe ya matumbawe. Hata hivyo, utajiri huo haujionyeshi. Nyumba huwapa majirani ukuta mtupu wa chokaa, na uzuri wake wote u ndani, uani. Vichochoro havipitiki gari. Mizigo hubebwa na punda, na wasafiri wa kutoka mjini, umbali wa kilomita tatu hivi, huja kwa mashua.

Lakini nyuma ya ufuo huo kuna jambo linalomhusu hata mkazi wa Lamu asiyewahi kuoga baharini hapo. Vilima vya mchanga vilivyopangana kandokando ya pwani ndivyo ghala la maji ya kunywa ya mji huo. Mvua inaponyesha, maji hupenya mchangani, huchujika, kisha hutuama chini ya ardhi. Kwa kuwa ni mepesi kuliko maji ya chumvi, huelea juu yake, na visima vilivyochimbwa huko huyafikia.

Ghala hilo ni dhaifu. Nyumba ikijengwa juu ya vilima, maji machafu ya choo chake hufuata njia ileile ya mvua. Visima navyo vikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari hupanda na kuyatia chumvi yaliyo matamu. Mchanga ukichotwa kwa ujenzi, chujio lenyewe hupungua.

Ndiyo maana mzozo wa viwanja vya Shela si wa mandhari tu. Mji wa kale wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, unategemea vilima hivyo vibaki bila majengo. Wahenga walinena kuwa kimya kina mshindo mkuu. Kimya cha Shela kikivunjwa, mshindo wake utasikika kwanza miferejini.