Kopo la Mpira

Umetumwa dukani kununua chumvi. Umepewa shilingi 500, chumvi ni 400. Mwenye duka anapekua droo, anatikisa kichwa, anasema: "Chenji hamna, mwanangu. Chukua pipi." Unachukua pipi mbili na kurudi nyumbani ukimumunya, moyo mweupe.

Ngoja kwanza. Hizo pipi hukupewa zawadi. Ni shilingi 100 za mama yako, zimegeuzwa sura kabla hujazishika. Nalisema hili kwa uchungu, maana hela ndogo ndiyo ya kwanza ambayo mtoto hupewa aitunze, na sisi wakubwa tunamfundisha mapema kwamba hata ikipotea si kitu.

Mimi maana ya hela ndogo niliijua Tanga, mitaa ya Ngamiani, kule ambako barabara huitwa kwa namba. Ulikuwa mwaka 1998. Mwaka huo ilitoka sarafu ya shilingi 200, yenye Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili. Mtoto aliyekuwa nayo alitembea nayo kiganjani siku nzima ili kila mtu aione.

Tulikuwa watoto saba wa mtaa mmoja, na kila jioni tulicheza chandimu. Mpira wetu ulikuwa mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba za katani, maana Tanga ya mkonge kamba hazikosi. Mvua ikinyesha, mpira ulikunywa maji ukawa mzito kama jiwe. Na dukani, karibu na soko, ulining'inia mpira wa kweli ndani ya wavu. Mwenzetu mmoja alipiga moyo konde akauliza bei. Shilingi 4,500.

Karibu kila mmoja wetu alipewa shilingi 20 ya kula shuleni, ile sarafu yenye ndovu na mtoto wake. Tukaenda kwa bibi yangu, aliyekuwa akiuza maandazi barazani, tukamwambia tunataka kuweka akiba.

"Ya nini?" akauliza.

"Akiba tu, bibi. Haba na haba hujaza kibaba."

Bibi aliacha kukanda. "Kibaba cha ukubwa gani?"

Tukatazamana. Methali tuliijua kwa kuimba darasani, kibaba chenyewe hatujawahi kukiona. Bibi akaingia ndani akarudi na kipimo chake cha nafaka. "Hiki ndicho kibaba. Vinne kama hivi ni pishi. Mwenye kujaza kibaba anajua kinajaa wapi. Ninyi mnataka kujaza kitu ambacho hakina ukingo."

Ndipo tukamtajia mpira na bei yake. Akatuamuru tupige hesabu palepale, kwa kipande cha mkaa ukutani. Watoto saba, kila mmoja shilingi 20, ni 140 kwa siku. Siku tano za shule ni 700. Ukigawa 4,500 kwa 700 unapata wiki sita na siku kidogo. Wiki ya saba tutakuwa na mpira! Nawaambia, tangu nizaliwe sijapata kuipenda hesabu kama nilivyoipenda siku ile. Ukuta ulikuwa umetamka tarehe.

Bibi akatupa kopo tupu la maziwa ya unga. Fundi bati wa mtaa alitoboa mfuniko, akaacha upenyo mwembamba wa kupitisha sarafu, kisha akaulehemu pande zote. Mimi nikaandika ubavuni kwa mkaa: MPIRA. Kifaa cha namna hiyo huitwa kibubu. Litazame neno hilo vizuri, utamwona bubu ndani yake. Kinapokea, hakisemi kimepokea kutoka kwa nani wala kiasi gani.

Bibi mwenyewe alikuwa na makopo yake, yamepangwa juu ya kabati kama watoto wa nyumba moja. Siku ya biashara nzuri aliuza maandazi 100 kwa shilingi 20 kila moja, akapata 2,000. Mtoto akiona 2,000 anadhani bibi ni tajiri. Bibi alikaa kwenye mkeka, na kabla hajavua hata kanga ya kichwani, alihesabu 1,500 akazitia kwenye kopo la kwanza: unga, sukari, mafuta na mkaa wa kesho. Hilo lilikuwa la mtaji. Hata tungelia vipi, la mtaji halikuguswa. Zilibaki 500. Shilingi 300 ziliingia kopo la mchezo, kwa sababu yeye na wanawake wenzake walichanga kila siku na kumpa mmoja wao kwa zamu. Wengine huuita upatu. Shilingi 150 ziliingia kopo la maradhi. Na 50 alizitia kwenye kikopo kidogo kisicho na mfuniko kabisa, ambacho mimi nilikidharau. Kumbe hicho ndicho kilichokuja kuniokoa.

Utotoni mwake, aliniambia, senti 10 zilikuwa na tundu katikati. Ni kweli: sarafu za Afrika Mashariki za senti 1, 5 na 10 zilitobolewa katikati, na mama yake alizitunga kwenye uzi akazifunga kiunoni chini ya kanga. Akiba yake ilitembea naye, ikilia taratibu. Hata neno hela tulilirithi kutoka sarafu ndogo ya Wajerumani, heller, waliyoanza kuitumia huku mwaka 1904. Mia moja zilifanya rupia moja. Jina la sarafu ndogo kabisa ndilo leo tunalotumia kuita fedha zote, hata za tajiri. Mimi jambo hili hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Wiki tatu za mwanzo tulitia shilingi 20 zetu zote. Saa nne, wenzetu wa shule wakila mihogo na kunyonya barafu, sisi tulikaa chini ya mwembe tukiuzungumza mpira. Mmoja wetu alikuwa hapewi hela kabisa nyumbani. Yeye aliokota chupa tupu akaziuza, na wiki nyingine alituzidi sote. Mjomba wa mwingine alikuja kutoka Korogwe akampa sarafu ya simba. Akaitia koponi mbele yetu sote. Ilianguka kwa kishindo chake, sote tukakaa kimya.

Kopo lilikaa kwetu, kwa hiyo mlinzi wake nilikuwa mimi. Ukiliinamisha kopo na kupenyeza kisu kwenye ule upenyo, sarafu hupanda juu ya bapa la kisu, huteleza polepole na kutoka. Sijui nani alinifundisha, nadhani njaa. Siku ya kwanza nilitoa tatu, nikanunua ubuyu na muhogo wa kuchoma. Nikaapa kurudisha. Baada ya siku mbili nikatoa tatu nyingine, kisha tatu nyingine. Shilingi 180. Ukutani mkaa ulisema fedha zimo. Kopo, kama jina lake, halikusema kitu.

Kilichosema ni kisu. Bibi alikishika alfajiri kukata maandazi, akakuta ncha imepinda.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Njoo hapa, mume wangu." Aliniita hivyo kila siku kwa mapenzi, na siku ile hakubadilisha, jambo lililonichoma kuliko fimbo. "Ngapi?"

Nikamwambia zote tisa.

Hakupiga kelele. Alishusha kile kikopo chake kisicho na mfuniko. "Unajua hiki ni cha nini? Nikitamani kahawa ya jioni, natoa humu. Mgeni akija, natoa humu. Ombaomba akipita, natoa humu. Bila hiki, kopo la mtaji ningelivunja mwenyewe zamani. Ninyi mmefungia hela zote. Njaa ya saa nne mlitaka iende wapi?"

Jioni ile nilisimama mbele ya wenzangu sita nikasema nilichofanya. Wawili walilia. Mmoja hakusema nami siku nne. Nikapewa kazi ya kubeba beseni la maandazi hadi stendi kila asubuhi kabla ya shule, kwa shilingi 20 kila safari. Asubuhi tisa. Kila jioni nilitia sarafu yangu wote wakiangalia.

Kisha tulibadilisha mpango. Barafu moja ilikuwa shilingi 10. Ukinunua na ile 20, unarudishiwa 10, na hiyo chenji ndiyo iliyoingia koponi. Tulikula, na kopo likala. Hesabu ya ukutani ikarefuka: 70 kwa siku, 350 kwa wiki. Waliotaka kujitoa kwa sababu ya urefu wa safari walikuwa wawili, na wote wawili walibaki, kwa kuwa saa nne haikuwauma tena. Kwa maoni yangu hapa ndipo watoto wengi, na watu wazima pia, hukwama: huanza kwa kujinyima kila kitu, wakashindwa wiki ya tatu, wakadhani hawajaumbiwa akiba.

Wiki ya kumi mkaa ulionyesha 4,500. Tukamwendea bibi na nyundo. Akakataa. "Unga umepanda," alisema tu. "Ongezeni wiki mbili."

Hatukuelewa, tukanuna. Leo naelewa. Kopo lina uwezo wa kumzuia mwizi. Halina uwezo wa kuizuia bei isipande. Wala halifai kufukiwa ardhini na kusahauliwa. Noti huliwa na mchwa, na hata zikipona, huweza kukosa thamani kwa amri. Mwaka 2025, kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, Benki Kuu ya Tanzania ilikusanya noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003; aliyezisahau kwenye kibubu chake hadi siku hizo zikapita alibaki na karatasi zenye picha nzuri. Kwa hiyo likishajaa, fanya lile ulilolikusudia, au mwombe mzazi akupeleke benki mkafungue akaunti ya mtoto. Na kama nyumbani kwenu siku hizi kila kitu hulipwa kwa simu, sarafu hazionekani, waombe wakubwa wakupe chako mkononi, angalau mwanzoni. Mtoto anapaswa kuusikia uzito wa kopo ukiongezeka. Tarakimu kwenye kioo haina uzito.

Wiki ya kumi na mbili ilifika. Bibi alitandika mkeka barazani, fundi bati akaja na patasi yake. Mfuniko ulipoinuka, ilitoka harufu ya chuma na jasho la mikono. Tukapanga sarafu kumi kumi, za Mwalimu Nyerere upande huu, za ndovu upande ule, na simba mmoja peke yake katikati. Tulihesabu mara tatu. Mara zote ilikuja 5,140.

Tulikwenda dukani sote saba, sarafu zimefungwa kwenye kanga ya bibi. Mwenye duka alitungua mpira akaufuta vumbi kwa kiwiko.

"Elfu tano," akasema.

"Ulikuwa elfu nne na mia tano!"

"Ulikuwa."

Wote sita waligeuka wakanitazama mimi, na mimi nikageuka nikaitazama njia ya kurudi nyumbani, alikokaa bibi na unga wake uliopanda bei. Tukahesabu 5,000 juu ya meza, sarafu kwa sarafu, foleni ikiwa nyuma yetu. Kanga ilibaki na 140.

Tulicheza hadi giza likatuficha mpira. Siku ya nne ulianza kulegea, na yule mwokota chupa akauliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: tutaujaza upepo kwa kitu gani?

Bibi alikuwa tayari na kopo jingine. Nikachukua kipande cha mkaa, nikaandika ubavuni: PAMPU. Kisha tukazitia zile 140, moja moja. Katika kopo tupu zilipiga kelele hadi jirani akachungulia.