Je, Wajua? Mpira Ambao Damu Haiushiki

Damu ikizunguka ndani ya mshipa mzima haigandi. Ikigusa plastiki, huanza kuganda. Ndiyo maana mgonjwa wa figo anapounganishwa na mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida hupewa heparini. Wengi hawajui kwamba dawa hiyo hutengenezwa zaidi kutokana na utumbo wa nguruwe. Huokoa maisha, lakini ikizidi, mtu huvuja damu.

Je, wajua kwamba njia moja ya kuipunguza dawa hiyo ilianzia kwenye mmea unaokula wadudu? Nepenthes huota jani lenye umbo la mtungi, na humo ndimo wadudu wanamozama. Aina nyingi ziko Asia ya Kusini-Mashariki, ila majirani zetu wa Bahari ya Hindi, Madagaska na Shelisheli, wanazo za kwao. Mfaransa Étienne de Flacourt aliandika habari za ule wa Madagaska mwaka 1658. Mdomo wa mtungi ukiwa mkavu, sisimizi hupita juu yake bila wasiwasi. Ukilowa mvua, vijifereji vyake vidogo mno huyashika maji yakatanda, na sisimizi huyo huyo huporomoka. Holger Bohn na Walter Federle walilithibitisha hilo mwaka 2004: kinachomwangusha mdudu ni yale maji, wala si ulaini wa jani.

Mwaka 2011, kundi la Joanna Aizenberg katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, liliuiga ujanja huo. Walichukua utando wa Teflon wenye matundu madogo sana, wakaunywesha kilainishi. Maji, damu na hata mafuta ghafi yaliteleza juu yake. Utando ukikwaruzwa, kilainishi hutambaa chenyewe na kuliziba jeraha ndani ya sekunde moja.

Mwaka 2014 zamu ikawa ya mipira ya hospitali. Daniel Leslie, Donald Ingber na wenzao waliifunika kwa tabaka jembamba la perfluorodekalini, kimiminika kisichochanganyika na maji wala mafuta. Jamii hii ya vimiminika ina vituko vyake: mwaka 1966 Leland Clark na Frank Gollan walizamisha panya ndani ya kimojawapo kilichojazwa oksijeni, nao wakaendelea kupumua!

Mipira hiyo iliunganishwa kwenye mishipa ya nguruwe hai, na kwa saa 8 damu ikapita bila heparini na bila kuziba. Nguruwe tena, safari hii kwa kazi nyingine. Juu ya tabaka hilo hilo watafiti wakamjaribu pia mjusi wa jamii ya mjusi kafiri, bingwa wa kutembea darini kichwa chini. Naye akateleza.

Bakteria nao hupata taabu kujenga utando wao pasipo na pa kushika, jambo kubwa kwa mgonjwa aliyewekewa mpira wa mkojo. Tatizo ni kwamba kilainishi huweza kusombwa kidogo kidogo na kinachopita juu yake. Isitoshe, kemikali za jamii ya perfluoro hazitazamwi vizuri siku hizi. Mwaka 2023 nchi tano za Ulaya zilipendekeza zibanwe. Kwa hiyo watafiti wengine wameiacha kabisa florini iliyomo katika kemikali hizo: wanauloweka mpira wa silikoni katika mafuta ya silikoni mpaka uvimbe, na mafuta yaliyoingia ndani yanachuja taratibu kuja juu kadiri yale ya nje yanavyoondoka.