Pampu Inayozunguka Bila Maji

Kinachojongea huliita jicho hata pembeni kabisa, mtu atake asitake. Kwa hiyo anayechora skrini ya kudhibiti mitambo ana mali adimu mkononi, na wengi huitapanya.

Chukua viwanda vya maziwa vya Mbarara, Uganda. Njia moja ya kawaida ya kuua vijidudu ni kuyapasha maziwa hadi nyuzi joto 72 kwa sekunde 15. Joto likipungua, valvu huyarudisha yakapashwe upya. Sasa chora skrini ambayo kila pampu inazunguka, kila kikorogeo kinapiga mbio, na maziwa yanatiririka mabombani. Wageni watasifu. Lakini valvu ile ikigeuza njia usiku wa manane, opereta ataiona saa ngapi?

Kuna ubaya zaidi ya kuchosha macho. Chukua makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro: yalianza 1958, na maji ya ziwa hulazimika kusafishwa kabla ya kusukumwa kwa watu. Tuseme picha ya pampu imefungwa kwenye amri ya kuiwasha, wala si kwenye mita ya maji. Tope likiziba chujio, pampu ya kwenye kioo inaendelea kuzunguka huku jerikeni zimepangwa foleni kwenye bomba kavu. Mawasiliano yakikatika ni vilevile: kompyuta inaizungusha picha yenyewe, na data ilikoma zamani. Huo ni uongo, nami siuiti jina jingine.

Ningeichora pampu hiyo kwa kijivu, imetulia. Pembeni namba ya mita za ujazo kwa saa, mchoro wa kina cha tangi tangu asubuhi, na saa ya kipimo cha mwisho. Kumetameta ningekuachia tahadhari ambayo opereta bado hajaipokea. Tena imetemete alama iliyo kando ya namba, maana namba inayowaka na kuzima haisomeki.

Tahadhari nazo zikimiminika pamoja hazisaidii. Katika kiwanda cha kusafisha mafuta cha Milford Haven, Wales, Julai 24, 1994, maopereta wawili walirushiwa tahadhari 275 katika dakika 11 kabla ya mlipuko. Wachunguzi walilaumu pia skrini, kwa kutowaonyesha hali ya mtambo mzima.

Mjongeo mmoja ningeuruhusu Nakivale: maji yakipanda ndani ya tangi, kwa sababu kila hatua yake imeletwa na kipimo.