Tairi la Gari Linalotubeba



Tairi likipasuka njiani, lawama humwangukia dereva. Lakini sisi tunaopanda nyuma ya lori kwenda shambani twajua kwamba dereva hanunui matairi.

Adui mkubwa ni upungufu wa upepo. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavuni kila linapozunguka, hupata joto kali, na nyuzi za ndani huachana na mpira. Gari likijaa watu, hupasuka. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa baridi. Likilika kingo zote mbili, upepo ulikuwa haba. Likilika katikati, ulizidi.

Ndani ya mifereji ya kashata mna vinundu vidogo. Kashata zikilingana navyo, zimebaki kama milimita 1.6 tu, na tairi litolewe. Kuchonga upya tairi ambalo halikuundwa kuchongwa ni kupunguza mpira unaofunika waya. Huo ni urembo, si matengenezo.

Umri husomwa ubavuni: tarakimu 3219 mwishoni mwa maandishi ya DOT ni juma la 32, mwaka 2019. Tairi lililopasukapasuka ubavuni halifai, hata kashata zikiwa nzima. Dereva akikataa kuondoka nalo, kamati ya tawi isimame naye siku hiyo hiyo.