Kawaida Ipi Tunayoirudia?

Tarehe 13 Machi 2025 Serikali ilitangaza kwamba ugonjwa wa Marburg umekwisha wilayani Biharamulo. Tangazo hilo lilitolewa na Jenista Mhagama, aliyekuwa Waziri wa Afya wakati huo, baada ya kupita siku 42 tangu kufariki kwa mgonjwa wa mwisho hapo Januari 28. Wananchi walilipokea kwa furaha, walakini haikuwa furaha ya kushangilia, kwa sababu wengi walikuwa wamekwisha kulitangulia tangazo lenyewe. Mikono ilikwisha kushikana tena sokoni. Ndoo zenye koki zilizowekwa milangoni mwa maduka na migahawa zilikwisha kuhamia jikoni, kwenye kazi ambayo zilinunuliwa kuifanya tangu awali.

Hatuandiki haya kwa nia ya kumsuta mtu. Uchovu si ukaidi. Mwananchi wa Ngara au Biharamulo ambaye leo anaona uvivu kusikia habari za kunawa na kukaa mbali na mwenzake ana haki ya kuulizwa amebeba nini na kwa muda gani kabla hajaitwa mkaidi. Mnamo Machi 2020 ilikuja korona. Machi 2023 Marburg ikaingia nchini kwa mara ya kwanza, katika wilaya ya Bukoba Vijijini, ikawapata watu tisa na kuwaua sita, naye mtumishi wa afya alikuwa miongoni mwa waliokufa. Septemba 2024 ugonjwa huo huo ukazuka Rwanda, ng'ambo ya mto tu. Ukatangazwa kwisha huko tarehe 20 Desemba, na mwezi mmoja kamili baadaye, Januari 20, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza Dodoma kwamba upo Biharamulo. Haya yote yametukia katika muda usiotimia miaka mitano, katika mkoa ambao wazee wake bado wanakumbuka mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipotambuliwa katika hospitali ya Ndolage.

Ajabu ni kwamba watu hawakuchoka kwa kipimo kimoja. Yafaa tuitazame tofauti hiyo kwa makini, maana ina mafunzo kuliko mabango yote yaliyobandikwa.

Pale Rusumo, chini kidogo ya mahali Ruvubu inapokutana na Kagera, watu wa Ngara walipata kuona nchi mbili zikishughulika na ugonjwa mmoja kwa njia mbili. Upande wa Rwanda mpaka ulifungwa kwa wasafiri wa kawaida mwezi Machi 2020, nao haukufunguliwa tena hadi tarehe 7 Machi 2022. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, ingawa si kwa amani: mnamo Mei 2020 madereva wa Kitanzania walipinga vikali utaratibu wa kukabidhi magari yao kwa madereva wengine mpakani. Lakini mwanamke aliyezoea kuvuka asubuhi na kikapu na kurudi jioni na fedha, au mzee mwenye binti aliyeolewa Kirehe, hakuwa na lori. Alingoja miaka miwili kasoro wiki chache, na katika muda wote huo hapakuwa na mtu aliyeweza kumwambia atangoja mpaka lini.

Upande wetu mambo yalikwenda kinyume. Shule zilifungwa Machi 17, 2020 na zote zikawa zimefunguliwa Juni 29 mwaka ule ule. Hesabu za wagonjwa zilikoma kutolewa mapema Mei, zikiwa zimefikia watu 509 na vifo 21, na nchi ikaambiwa irudi kazini. Hapa hapakuwa na katazo la kuchosha, walakini kulikuwa na uchovu wa namna nyingine: uchovu wa kuzika mtu na kuogopa kuuliza amekufa kwa nini. Tarehe 28 Julai 2021, Serikali ilipoanza kampeni ya chanjo, watu wengi hawakujua tena waamini neno lipi, la mwaka jana au la mwaka ule.

Sasa linganisha na siku 42 za Biharamulo. Hizo zilihesabika. Kirusi cha Marburg huchukua kati ya siku 2 na 21 tangu kumwingia mtu mpaka dalili zionekane. Wataalamu huuzidisha muda huo mrefu mara mbili, na siku hizo zikipita bila mgonjwa, kazi imekwisha. Mkulima yeyote anaielewa hesabu ya namna hiyo, kwa kuwa yeye mwenyewe huhesabu siku tangu kupanda hadi kupalilia na hadi kuvuna. Watu 281 waliotajwa kuwa walikuwa karibu na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21, na kufikia Februari 10 wote walikuwa wamemaliza. Hatusemi kwamba siku hizo zilikuwa nyepesi. Mtu aliyeorodheshwa huona majirani wakibadili njia, na maharage yake hayamngojei shambani kwa sababu yeye yumo katika orodha. Hata hivyo alijua siku ya ishirini na mbili ni lini.

Katazo lisilo na mwisho lina historia yake katika wilaya hizi. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza, ikipambana na malale, iliwaondoa watu katika vijiji vyao vya asili sehemu nyingi za magharibi ya Tanganyika, Biharamulo ikiwamo, na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ambako mbung'o wangeweza kufyekewa vichaka. Malale ulikuwa ugonjwa wa kweli, na nia ya kuuzuia ilikuwa njema. Lakini hapakuwekwa siku ya kurudi. Mahali pasipo watu pori lilirudi, na pori liliporudi mbung'o nao walirudi. Wajukuu wa watu hao wanaposikia leo afisa akisema "kwa muda," husikia neno hilo kwa masikio ya babu zao.

Kinyume chake, wasomaji wa makamo watakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi vya kusikiliza redio kwa muda wa majuma 12, wakajadili, kisha wakachimba vyoo. Majuma 12, si milele; na kazi ilifanywa na watu wakiwa pamoja, haikufanywa na kila mmoja akijifungia peke yake. Sisi tunaamini kwamba hizo ndizo sababu mbili zilizoifanya kampeni ile isichoshe.

Basi na tukubali kwamba watu wamerudi katika maisha ya kawaida na kwamba wana haki ya kurudi. Hapo ndipo linapoanza swali ambalo kwa maoni yetu halijaulizwa kwa sauti ya kutosha: ni kawaida ipi?

Katika mlipuko wa Biharamulo walihesabiwa watu kumi, wote wakafa. Wawili tu ndio waliothibitishwa kwa vipimo vya maabara. Wanane waliobaki walihesabiwa kwa dalili zao na kwa uhusiano wao na wengine, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuzikwa kabla ugonjwa haujatangazwa. Mgonjwa anayedhaniwa kuwa wa kwanza, mwanamke mtu mzima, alianza kuumwa tarehe 9 Desemba 2024. Tangu siku hiyo mpaka tangazo la Januari 20 ni majuma sita. Katika majuma hayo sita hapakuwa na katazo lolote Biharamulo. Hapakuwa na ndoo mlangoni kwa ajili ya ugonjwa huo. Watu walisalimiana, wakauguzana, wakazikana. Yaani wale wanane hawakufa kwa sababu watu walichoka na masharti. Walikufa katika maisha ya kawaida.

Ng'ambo ya mto, Rwanda ilihesabu wagonjwa 66 na vifo 15. Tofauti hiyo ina sababu nyingi, na haifai kuzilinganisha nchi kama watoto wa darasa moja. Lakini sababu mojawapo ni kwamba wenzetu waliwafikia wagonjwa wao wengi wangali hai. Ugonjwa wenyewe hauna dawa maalumu iliyoidhinishwa wala chanjo iliyoidhinishwa. Anayepona huponywa na maji mwilini, uangalizi wa karibu na kuwahi. Kuwahi kunataka mtu ajue kwamba kuna jambo la kuwahia.

Tuseme wazi juu ya siku zile za Januari. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kuna watu tisa wanaoshukiwa kuwa na Marburg mkoani Kagera na wanane wamekufa. Wizara ikajibu kwamba sampuli zilizopimwa hazikuonyesha kirusi hicho. Siku chache baadaye mgonjwa mmoja akaonekana kuwa nacho, na Rais mwenyewe ndiye aliyetoa habari. Hatumshuku mtu kwa uongo; sampuli zinaweza kweli kutoonyesha kitu leo na kesho zikaonyesha. Lakini mwananchi wa Nyakahura au Lusahunga alisikia "haupo" na kisha "upo" katika juma moja, na masikio yake yalikuwa bado na kumbukumbu ya mwaka 2020. Ingekuwa bora kumwambia hivi: tunashuku, tunapima, na wakati tunapima msimguse maiti. Mtu mzima anaweza kuambiwa hivyo, naye ataelewa.

Na hilo la maiti ndilo zito kuliko yote. Kusitisha salamu ya mkono ni adha. Mtu hucheka, hugonganisha viwiko, mambo yakaendelea. Hata kuacha kunywa rubisi kwa mirija katika mtungi mmoja, ingawa wazee hulalamika, kunawezekana kwa majuma machache. Lakini kumwambia mwana asimwoshe mamaye, kumwambia mke asikae karibu na mwili wa mumewe usiku ule wa mwisho, ni kumtaka avunje kile kinachomfanya awe mtu miongoni mwa watu. Kwetu maziko hayamalizi habari za marehemu. Ni mahali ambapo jamii inathibitisha kwamba marehemu alikuwa wao. Watu wenye mavazi meupe yaliyowafunika uso mzima, wakishusha jeneza haraka na kuondoka, huacha nyuma yao nyumba isiyojua kama imezika au imeibiwa.

Kwa bahati mbaya mwili wa aliyekufa kwa Marburg una kirusi kingi, na mapenzi hayakizuii. Hapo hapana hila. Kilichobaki ni namna ya kufanya. Familia ikipewa nafasi ya kusimama hatua kadhaa na kutazama, shehe au padri au mchungaji akasoma maneno yake yote bila kuharakishwa, nguo aliyoipenda marehemu ikawekwa na watumishi wenye glavu, jina lake likatajwa, basi sharti huvumilika. Wafanyakazi wa afya wanayajua haya, na taratibu za mazishi salama zenye heshima zimekwisha kuandikwa. Tunachoomba ni kwamba zifundishwe katika vijiji vya Ngara na Biharamulo sasa, wakati hapana msiba wa namna hiyo, zifundishwe na watu wanaojulikana vijijini humo, ili siku zikihitajika zisifike na gari geni.

Popo wala matunda hawakusikia tangazo la Machi 13. Hao ndio wanaokitunza kirusi cha Marburg, nao wamo mapangoni na migodini katika nchi zote za maziwa makuu. Ugonjwa ulipata jina la mji wa Ujerumani kwa sababu tu mwaka 1967 watumishi wa maabara huko waliambukizwa na tumbili waliopelekwa kutoka Uganda. Kirusi chenyewe ni cha huku kwetu. Haiwezekani kuishi kwa masharti kwa sababu ya popo, wala hapana anayelitaka hilo. Lakini zahanati inaweza kuwa na maji. Muuguzi wa zamu anaweza kuwa na glavu katika mwezi usio na mlipuko kama alivyokuwa nazo katika mwezi wa mlipuko. Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kujua nambari ya simu ya kupiga pale watu wawili wa nyumba moja wanapokufa kwa homa na kutokwa damu katika juma moja, na anayepokea simu anaweza kuja siku ile ile.

Hayo si masharti, wala hayamchoshi mwananchi, kwa kuwa si yeye anayeyabeba. Ni kazi ya halmashauri mbili na ya Wizara, na mahali pake ni katika bajeti. Madiwani wa Ngara na Biharamulo watakapokaa tena kupitisha makadirio ya mwaka, tunawasihi wasisome kwanza ukurasa wa posho na magari. Wafungue ule wa zahanati, watafute mstari wa maji na mstari wa glavu, na waulize kwa sauti ni majuma mangapi ya mwaka mistari hiyo inatosheleza.