Pia Isiyochezewa

Jumapili moja nilimpeleka mjukuu wangu ufukweni Kunduchi, maji yakiwa yamekupwa. Mara akanijia mbio. "Babu, nimeokota pia!" Alikuwa karibu kuitia mfukoni mvuvi mmoja mzee aliposema kwa ukali, "Itupe, mwanangu! Huyo yu hai."

Mzee yule alikuwa amemtambua konokono wa bahari wa jamii ya Conus, yenye aina zaidi ya 700. Na wewe unaweza kumtambua. Upande mmoja ni mpana, wenye mzunguko kama ngazi; upande wa pili umechongoka. Mdomo wa ganda ni ufa mwembamba unaokwenda karibu urefu wote. Usimchanganye na kauri: kauri ni wa mviringo, na ufa wake una meno pande zote mbili. Huyu wa pia hana meno hapo.

Jino lake analificha ndani. Ni tupu katikati kama sindano ya daktari, lina ncha kama chusa, na limejaa sumu. Mchana hujificha mchangani au chini ya matumbawe, usiku huwinda. Wengi hula minyoo au konokono wenzao, lakini wapo wala samaki, na hao ndio hatari zaidi kwetu. Usidhani ukimshika upande mpana umesalimika. Mrija wake hunyooka na kugeuka.

Aliyechomwa huenda asisikie maumivu makubwa. Baadaye hufa ganzi, hulegea viungo, na pumzi inaweza kukatika. Dawa ya kuiua sumu hiyo haipo. Hospitali humsaidia mgonjwa kupumua mpaka sumu iishe mwilini. Kwa hiyo asitulie nyumbani kungojea maumivu. Akimbizwe hospitali mara moja.

Lakini Mungu hakuumba sumu hiyo kwa madhara matupu. Baldomero Olivera, mwanasayansi mzaliwa wa Ufilipino, na wenzake waliichunguza sumu ya mmoja wa konokono hao, na mwaka 2004 Marekani iliidhinisha dawa iliyotokana nayo, ya kutuliza maumivu makali yaliyoshindikana kwa dawa nyingine.

Mjukuu wangu alilia kunyang'anywa pia yake. Nilimnunulia ya mti njiani tukirudi. Nanyi wazazi, mnapowapeleka watoto pwani, waambieni mapema: ganda lenye umbo la pia halishikwi, wala halitiwi mfukoni.